Tarishi Mmoja, Majina Mawili

Mwaka 1931, katika mji wa Rochester, jimbo la Minnesota, Marekani, George Higgins na Reuben Anderson wa taasisi ya Mayo walitangaza namna ya kumpasua panya mweupe ambayo tangu siku hizo haijabadilika sana. Panya hulazwa usingizi, tumbo lake hufunguliwa chini kidogo ya kidari, na kwa kuwa ini la panya limegawanyika mapande mapande, mapande mawili makubwa huvutwa nje kwa taratibu, yakafungwa uzi kwenye shina lake, yakakatwa, kisha jeraha likashonwa. Kinachoondoka ni kama thuluthi mbili za ini zima, na mnyama anayeondolewa thuluthi mbili za moyo wake au za ubongo wake hana la kutarajiwa ila mauti. Lakini panya hawa waliamka, wakala, na katika muda wa wiki moja hadi mbili yale mapande madogo yaliyosalia yalikuwa yamekwisha kunenepa hata uzito wa ini ukakaribia kurejea ulivyokuwa. Mapande yaliyokatwa hayakuota tena mahali pake. Yaliyobaki ndiyo yaliyojaza pengo, na yalipofikia kiasi chake yakaacha kukua.

Wagiriki wa kale walikuwa na hekaya ya mtu aliyefungwa jabalini, tai akimla ini mchana na ini likirejea usiku, na waandishi wa Ulaya hawachoki kuitaja kila wafikapo hapa. Nasi tuipite, maana hekaya ile haisemi ni nani aliyeliambia ini lianze kukua, wala ni nani aliyeliambia likome. Maswali hayo mawili ndiyo yaliyowashughulisha wataalamu kwa muda wa miaka sitini iliyofuata, na jawabu lilipopatikana lilikuja na jambo ambalo wao hawakulitafuta: kwamba ishara inayoliponya ini ndiyo hiyohiyo inayozipa seli za saratani ya ini ruhusa ya kuondoka kwao na kwenda kufanya maskani mahali pengine mwilini.

Hatua ya kwanza ilikuwa ni kujua ishara hiyo inakaa wapi. Nancy Bucher, mtafiti wa Boston aliyelipa ini sehemu kubwa ya umri wake, pamoja na wenzake walichukua panya wawili, wakawaunganisha ubavu kwa ubavu mpaka damu yao ikawa inachanganyika, na mwaka 1951 wakaeleza kwamba alipokatwa ini panya mmoja, ini zima la mwenzake, ambalo halikuguswa na kisu, nalo lilianza kuonyesha seli zinazogawanyika. Damu ya panya waliounganishwa kwa ngozi huvuja polepole kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, na kwa hiyo waliokuwa na shaka walibaki na shaka yao. Lakini mwaka 1967 Bucher na Frederick Moolten walitumia mirija iliyopitisha damu upesi kati ya wanyama wawili, na matokeo yakawa ni yaleyale, safari hii yakiwa dhahiri zaidi. Ikiwa ini lisilo na jeraha huanza kukua kwa sababu damu ya mwenye jeraha imepita ndani yake, basi katika damu hiyo mna tarishi aliyechukua habari, na kilichobaki ni kumkamata tarishi mwenyewe.

Kumkamata hakukuwa kazi nyepesi, kwa maana protini za namna hii huwamo katika damu kwa kiasi kidogo mno, na mwenye kuzitafuta hana budi kuchuja madumu ya maji ya damu ili apate cha kupaka ncha ya sindano. Wajapani ndio waliokuwa na subira hiyo. Mwaka 1984 Toshikazu Nakamura na wenzake katika chuo kikuu cha Tokushima, kisiwani Shikoku, walitangaza kwamba wameona katika maji ya damu ya panya waliokatwa ini kitu kinachozikuza seli za ini zilizolelewa ndani ya visahani vya maabara, wakakiita kikuzaji cha seli za ini. Baadaye walikisafisha kutoka katika chembe za damu zinazogandisha jeraha. Wakati huohuo matabibu wa Kagoshima walikuwa wakiitazama damu ya watu, si ya panya: walichukua maji ya damu ya wagonjwa ambao maini yao yalikuwa yamekufa kwa ghafula na wenyewe wamezimia, na mwaka 1988 wakaeleza kwamba wamekisafisha humo kikuzaji kinachofanana na kile. Wagonjwa hao walikuwa mahututi, na mwili wao ulikuwa ukimmwaga tarishi kwa wingi usio wa kawaida, ukiliita ini ambalo halikuwa na uwezo tena wa kuitika.

Mwaka 1989 jeni yake ilisomwa, ikaonekana kuwa ni mnyororo wa amino asidi 728, wenye udugu wa karibu na protini ya damu iliyo na kazi ya kuyeyusha damu iliyoganda. Udugu huu haukuwa bure. Tarishi huyu hutoka katika seli iliyomtengeneza akiwa amefungwa, hana athari yoyote, naye huweza kukaa hivyo katika nyuzi zilizo baina ya seli kwa muda; mpaka patokee jeraha, vimeng'enya vya jeraha vimkate mahali pamoja tu pa mnyororo wake, ndipo barua yake inapofunguka. Fauka ya hayo, hatengenezwi na seli za ini zinazomsikia. Watengenezaji wake wakuu ndani ya ini ni seli zenye umbo la nyota, zile ambazo Karl von Kupffer aliziona kwa hadubini mwaka 1876, ambazo hukaa pembeni mwa vijishipa vya damu. Alhasili ni mazungumzo ya majirani: mmoja anapeleka, mwingine anapokea.

Hapa inafaa tuiache habari ya ini linalopona, tugeukie mlango wa pili, ambao watu wengine kabisa walikuwa wakiubisha.

Kwamba saratani husafiri ni jambo lililojulikana kwa matabibu tangu zamani, na Mfaransa Joseph Récamier ndiye aliyelipa jina la kitaalamu katika kitabu chake cha mwaka 1829. Walakini kusafiri kwenyewe kulidhaniwa kuwa ni mambo ya mabomba na mikondo: kipande cha uvimbe humeguka, damu hukichukua, nacho hukwama panapokuwa pembamba. Mwaka 1889 tabibu wa London, Stephen Paget, alizipitia kumbukumbu za maiti 735 za wanawake waliokufa kwa saratani ya matiti, akaona kwamba hesabu haikubaliani na nadharia hiyo. Ini lilikuwa limevamiwa mara nyingi mno, ilhali wengu, ambao nao hupata damu tele, uliguswa kwa nadra. Kauli yake ni kwamba mbegu huchukuliwa na upepo kila upande lakini huota tu katika udongo unaoikubali. Makala yake ilikuwa fupi, nayo ilikaa kwa miaka mingi pasipo kutiwa maanani, mpaka Isaiah Fidler alipoifufua kwa majaribio yake katika miaka ya 1970 na 1980. Mimi naona kosa la waliompuuza Paget halikuwa uzembe. Ni kwamba alisema udongo unasema na mbegu, na katika zama zake hapakuwa na chombo cha kuyasikia mazungumzo hayo.

Chombo kilipatikana katika ufundi wa kulea seli nje ya mwili. Mwaka 1958 Stewart Madin na Norman Darby, huko California, walichukua figo la mbwa jike mzima, wakazitenganisha seli zake na kuzilea ndani ya chupa, na seli hizo zikaendelea kuzaana kizazi baada ya kizazi mpaka zikawa mali ya kila maabara duniani. Zina tabia moja ambayo aliyezitazama hawezi kuisahau: hazipendi kukaa peke yake. Ukizimwaga chache katika kisahani, zitatafutana, zitashikana, na baada ya siku chache utaona visiwa vya seli zilizobanana bega kwa bega, mipaka yake imenyooka, hakuna iliyojitenga.

Katika miaka ya 1980 seli hizi zilimfikia Michael Stoker mjini Cambridge. Stoker alikuwa amekwisha kuongoza taasisi kubwa ya utafiti wa saratani mjini London, na mtu wa hirimu yake na cheo chake aghalabu hukaa akasimulia ya kale. Yeye alirejea mezani, akashika mwenyewe vijiko na mirija. Alichukua maji yaliyokuwa makazi ya seli nyingine, yaani seli za tishu unganishi kutoka katika mimba changa, akayachuja yasibaki na seli hata moja, akayatia juu ya visiwa vile vya figo la mbwa. Usiku ulipopita, visiwa vilikuwa vimevunjika. Seli zilikuwa zimeachiliana, kila moja imejinyoosha, imetoa mkia na pembe, inatambaa peke yake katika uwanda wa kisahani. Na alipoyaosha maji yale na kuyaondoa, zilirejea kushikana. Hazikufa, wala hazikuongezeka idadi. Zilitawanyika tu. Mwaka 1985 alieleza habari hiyo pamoja na Michael Perryman, na mwaka 1987, akiwa pia na Ermanno Gherardi, akaifafanua zaidi, na kitu kilichokuwamo katika maji yale kikaitwa kitawanyaji.

Kipimo alichotumia kilikuwa chepesi kiasi cha kustaajabisha. Maji yalizimuliwa nusu kwa nusu, tena na tena, katika safu ya vishimo vidogo, na mtazamaji alihesabu ni katika kishimo cha ngapi visiwa vilibaki vizima. Hakikuhitaji mashine ya thamani. Kilihitaji jicho na hadubini, na mtu aliyezoea kuzitazama seli kwa miaka mingi hata akajua mara moja zinapokuwa hazimo katika desturi yake.

Wa tatu katika kisa hiki hakuwa akitafuta uponyaji wala utawanyiko. Katika maabara ya George Vande Woude, huko Maryland, watafiti walikuwa wakichunguza seli za saratani ya mfupa zilizotiwa sumu ya kemikali zikazidi ukali, na mwaka 1984, mwaka uleule wa Nakamura, walitoa humo jeni yenye uwezo wa kuzigeuza seli salama kuwa za saratani, wakaiita MET. Baada ya miaka michache ilidhihirika kwamba jeni ile hutengeneza kipokezi, yaani protini iliyosimama katika utando wa seli, kichwa nje na mkia ndani, ikingoja kuambiwa neno. Lakini nani wa kuiambia? Kipokezi kilikuwapo, na anayekipelekea habari hakujulikana.

Basi mwaka 1991 milango yote mitatu ilifunguka ikaonekana kuwa ni ya chumba kimoja. Donald Bottaro na wenzake karibu na Washington walithibitisha kwamba kikuzaji cha seli za ini hushika kipokezi cha MET; Michael Weidner na wenzake, katika kundi la Walter Birchmeier huko Essen, Ujerumani, walithibitisha kwamba kitawanyaji cha Stoker na kikuzaji cha Nakamura ni protini moja; na kundi la Paolo Comoglio mjini Turin, Italia, likafikia neno hilohilo kwa njia yake. Watu wa Japani waliokuwa wakitafuta dawa ya ini, na watu wa Cambridge waliokuwa wakitazama seli zinavyoachana, walikuwa wamemkamata tarishi mmoja na kumpa majina mawili. Nao wenye jeni ya saratani walikuwa wameshika sanduku lake la barua pasipo kumjua. Katika taarikhi ya ilimu hii sijui mkutano mwingine unaofanana na huo kwa ukamilifu wake.

Namna ishara hii inavyofanya kazi yastahili kuelezwa japo kwa kifupi. Tarishi anapokishika kichwa cha kipokezi, vipokezi viwili husogeleana, na mikia yake iliyo ndani ya seli hubandikana fosfeti katika amino asidi iitwayo tairosini. Ubandikaji wa namna hiyo ulikuwa umetambuliwa huko California na Tony Hunter na Bartholomew Sefton mwishoni mwa miaka ya 1970. Fosfeti hizo ndizo amri. Protini za ndani huzifuata, zikapokezana mpaka kwenye kiini, na seli ikabadili mwenendo: huzipunguza kadherini, zile protini ambazo Masatoshi Takeichi wa Japani alionyesha kuwa ndizo zinazozishikisha seli na jirani zake, hujenga upya nyuzi za mifupa yake ya ndani ili ipate kutambaa, na hutoa vimeng'enya vya kuyeyusha ukuta uliowekwa baina yake na mishipa ya damu. Katika saratani ya ini, safari hiyo aghalabu huanzia katika matawi ya mshipa unaoliletea ini damu kutoka matumboni, ambamo seli zilizotoroka huvamia sehemu nyingine za ini lilelile kabla ya kufika mapafuni na mifupani. Wapo matarishi wengine wanaosaidia, wa kuita mishipa mipya ya damu na wa kulainisha tabia ya seli. Lakini huyu ndiye aliyefahamika mapema na kwa uwazi zaidi.

Wala asidhaniwe kuwa ni adui aliyeingia kwa hila. Mwaka 1995 watafiti walizalisha panya wasio na jeni yake, na panya hao walifia tumboni mwa mama zao, wakiwa na maini madogo na kondo la nyuma lililoharibika; na kwa wale waliokosa kipokezi chake ilionekana kuwa seli zinazopaswa kuondoka karibu na uti wa mgongo na kwenda kufanya misuli ya miguu hazikuondoka, hata miguu ikabaki bila misuli. Kutawanyika, ambako katika saratani ni msiba, katika mimba ni sharti la kupata mkono wa kushikia. Saratani haikubuni ufundi mpya. Imeiba ufundi wa mimba na wa kidonda.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuuliza haya yanamhusu nini, na jawabu ni kwamba maradhi haya ni ya kwetu kuliko ya wale walioyasomea katika visahani. Charles Berman, tabibu wa machimbo ya dhahabu ya Afrika Kusini, aliandika mwaka 1951 kitabu kizima cha saratani ya ini, kwa kuwa aliiona kwa wingi miongoni mwa wachimbaji, hasa vijana waliotoka Msumbiji, ilhali Ulaya ilikuwa maradhi adimu ya wazee. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil, na uchunguzi wa mashudu hayo ukaifichua sumukuvu, iliyo kazi ya ukungu wa nafaka na karanga zilizowekwa na unyevu. Haukupita muda watafiti wakaanza kupima vyakula vya Afrika. Nchini Uganda, Michael Hutt wa Makerere na wenzake wa Marekani walikusanya sampuli 480 za vyakula vilivyohifadhiwa majumbani katika miaka ya 1966 na 1967, wakakuta sumukuvu katika karibu thuluthi yake, na zaidi katika sehemu zile zenye saratani ya ini nyingi. Na mwaka 1973 Frank Peers na Allen Linsell walitoa hesabu ya Murang'a, nchini Kenya, iliyoonyesha kwamba sumu katika chakula na saratani ya ini vilipanda pamoja kadiri mtu alivyoteremka kutoka nyanda za juu kwenda za chini. Mwaka 1991, mwaka uleule wa mkutano wa majina mawili, alama ya sumu hiyo ilionekana ndani ya jeni: katika saratani za wagonjwa wa Qidong, China, na za kusini mwa Afrika, herufi moja ilikuwa imebadilishwa mahali palepale pa jeni ya p53, ambayo kazi yake ni kuizuia seli iliyoharibika isizaane.

Sumukuvu na virusi vya homa ya ini aina ya B vinapokutana katika mwili mmoja, madhara yake hayajumlishwi tu, huzidishana. Na hapa ndipo tarishi anaporejea katika kisa. Ini linaloumizwa kila mwaka, kidogo kidogo, tangu utoto, ni ini linaloitwa kila mwaka likue. Seli za nyota humwaga ishara, seli za ini hugawanyika, kovu huongezeka, na ile seli ambayo jeni zake zimekwisha kuharibika inausikia wito uleule uliokusudiwa kwa walio salama, ikakua pamoja nao, na hatimaye ikatembea. Mtu wa miaka arobaini anayekuja hospitali na uvimbe chini ya mbavu za kulia amebeba miaka thelathini ya uponyaji uliokwenda kombo.

Mintarafu ya kuzuia, matumaini yalikuwa makubwa na malipo yamekuwa madogo. Dawa ya kwanza iliyothibitika ilikuwa sorafenib, kidonge kinachoziba mikia ya vipokezi kadhaa, hasa vile vinavyoita mishipa ya damu. Jaribio lililochapishwa mwaka 2008, la wagonjwa 602, lilionyesha kwamba nusu ya waliomeza dawa waliishi zaidi ya miezi 10.7, na nusu ya waliomeza kidonge kisicho na dawa waliishi zaidi ya miezi 7.9. Ni karibu miezi mitatu, na wataalamu walishangilia, kwa sababu kabla yake hapakuwa na dawa ya kumeza iliyothibitika kuongeza hata mwezi mmoja. Bei ilikuwa hadithi nyingine. Nchini India kidonge hicho kiliuzwa kwa rupia kama 280,000 kwa mwezi, mpaka mwaka 2012 serikali ilipotoa leseni ya lazima, kampuni ya nchini ikakitengeneza kwa rupia 8,800. Nami nahesabu hati ile ya serikali kuwa miongoni mwa matukio ya maana katika taarikhi ya dawa hii, sawa na uvumbuzi wenyewe.

Baada ya hapo ilionekana kuwa wakati umefika wa kumziba tarishi wetu moja kwa moja. Dawa iitwayo tivantinib ilitangazwa kuwa kizuizi mahsusi cha MET, ikajaribiwa kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa sababu uvimbe wao ulikuwa na MET kwa wingi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalikuwa haya: waliopewa dawa, miezi 8.4, wasiopewa, miezi 9.1. Tangu mwaka 2013 baadhi ya watafiti walikuwa wameonya kwamba dawa ile huziua hata seli zisizo na MET, kwa kuvuruga vijiti vya ndani ya seli, na kwa hiyo yamkini haikuwa kizuizi cha kile kilichoandikwa katika cheti chake. Mwaka huohuo wa 2018 cabozantinib, inayoziba MET pamoja na vipokezi vingine, iliwapa wagonjwa waliokwisha kutumia sorafenib miezi 10.2 badala ya 8.0. Mwaka 2020 ulikuja mchanganyiko wa atezolizumab, inayoamsha kinga ya mwili, na bevacizumab, inayomkamata tarishi wa mishipa ya damu: baada ya mwaka mmoja asilimia 67.2 ya waliotibiwa hivyo walikuwa hai, dhidi ya asilimia 54.6 ya waliomeza sorafenib.

Ugumu wake unafahamika kwa aliyefuata kisa tangu kwa panya wa Rochester. Mgonjwa wa saratani ya ini ana maradhi mawili, uvimbe na ini bovu linalouzunguka, na ini hilo bovu linaishi kwa ishara ileile ambayo tabibu anataka kuinyamazisha. Tena seli iliyozibiwa mlango mmoja huokota amri kwa mlango wa jirani. Na yote hayo ni kwa mgonjwa aliyefika mapema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya wagonjwa wa nchi 9 za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwamo, ulionyesha kuwa nje ya Misri nusu ya wagonjwa walifariki kabla ya miezi 2.5 tangu kutambuliwa maradhi yao. Kwa mtu wa namna hiyo, ubishi wa kipokezi gani kizibwe umechelewa.

Ndiyo maana hesabu iliyo bora katika habari hii yote haikutoka katika maabara ya ishara. Baruch Blumberg alieleza mwaka 1965 protini iliyokuja kujulikana kuwa ni ganda la virusi vya homa ya ini aina ya B. Chanjo ikafuata, na mwezi wa Julai 1984, ilhali Nakamura na Vande Woude kila mmoja akiwa mezani kwake, Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga. Saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 kisiwani humo ilishuka kutoka 0.70 kwa kila watoto 100,000 katika miaka ya 1981 hadi 1986, ikawa 0.36 katika miaka ya 1990 hadi 1994. Ini lisilojeruhiwa halimwiti tarishi, na tarishi asiyeitwa hana wa kumtawanya.

Tanzania na Kenya ziliingiza chanjo hiyo katika ratiba za watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000, nayo wakati huo ilitolewa kuanzia wiki ya sita. Shirika la Afya Duniani linashauri tangu mwaka 2009 kwamba dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 za kuzaliwa, kwa sababu mtoto anayeambukizwa na mamaye siku ya kuzaliwa ndiye mwenye hatari kubwa kuliko wote ya kubaki na virusi maisha yake yote. Nchi nyingi za Afrika bado hazijawapa watoto wote dozi hiyo ya siku ya kwanza, na wenye kudai haki za wagonjwa wangefanya vema kuanza na dai hilo.